Baba, Ukimya Wako Utatupeleka Kortini

Wakenya tunajua kuzika. Hilo tupewe. Mtu akiaga dunia Jumatatu, Jumanne jioni kuna grupu ya WhatsApp ya watu 200, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna mtu wa hema na mtu wa chakula. Kila jioni ni mkutano. Kitabu cha wasifu kinachapishwa kwa rangi, na ile picha ya marehemu akiwa kijana, suruali pana na nywele zimesimama. Fulana zinachapishwa. Bajeti inafika laki 5, laki 8, na pesa inapatikana.

Halafu wiki tatu baadaye mama anauliza swali moja tu: "Hati ya shamba iko wapi?" Hakuna anayejua.

Leo nitawaudhi watu, na wengi wao ni umri wa baba yangu. Wazee wangu, shikamooni, mnisamehe mapema. Lakini mtu mzima mwenye familia na mali, hata kama ni ploti moja ya hamsini kwa mia huko Kitengela, akikataa kuandika wosia, asituambie anafuata mila. Anaogopa. Kuna maneno hataki kuyasema akiwa hai, kwa hivyo anatuachia sisi tuyasemezane mbele ya hakimu, kwa nauli yetu na kwa pesa zetu za wakili.

Najua komenti zitakavyokuja. "Kijana, unangoja mzee wako afe urithi?" Tulieni kwanza, msome.

Tuanze na hii ya mila. Eti kuandika wosia ni kujiitia kifo. Sawa. Mbona mzee huyo huyo analipa bima ya mazishi kila mwezi? Mbona yuko kwenye chama cha mazishi cha kijiji, na asipochanga anatozwa faini? Mbona alishawaonyesha watoto mahali atakapolazwa, pale chini ya mparachichi, kando ya mama yake? Kifo chake ameshakipanga vizuri sana. Kitu pekee alichokiacha ni kile ambacho kingemlazimu kumtazama mtoto machoni na kumwambia atapata nini, na kwa nini.

Na babu zetu hawakuwa waoga hivyo. Katika jamii zetu nyingi, mzee akiona nguvu zinamwisha aliwaita wanawe, akawaita na wazee wenzake wawe mashahidi, akatamka: ng'ombe hawa ni wa huyu, sehemu ya kule mtoni ni ya yule, na fulani ananidai mbuzi wawili, alipwe. Huo ulikuwa wosia. Sheria yetu ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1981, bado inautambua wosia wa mdomo. Lakini ina masharti: utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka afariki ndani ya miezi 3. Miezi 3 ikipita na mzee bado anakunywa chai, maneno yale yameisha nguvu, isipokuwa kwa askari aliye kazini vitani. Kwa hivyo wewe ndugu yangu unayetembea ukisema "mzee aliniambia 2015 upande huu ni wangu", kortini huna wosia. Una kumbukumbu.

Ukienda kwa Waislamu, pale Mombasa, Lamu, Garissa, mambo ni tofauti tena. Mafungu ya warithi yameshapangwa na dini, kesi inaenda kwa Kadhi, na wosia hauvuki theluthi ya mali. Lakini hata huko ambako mafungu yanajulikana, mtu anahimizwa kuacha wosia na kueleza madeni na amana za watu. Sasa hii mila inayokataza kuandika ni ya nani hasa? Mimi naona tumeitunga juzi tu, kwa sababu inatufaa.

Kuna wengine wanasema shida ni watu kutosoma. Hapana, bana.

S.M. Otieno alikuwa wakili mashuhuri Nairobi. Kazi yake ilikuwa sheria, asubuhi hadi jioni. Alifariki Desemba 1986 bila kuacha wosia wa maandishi. Mkewe Wambui Otieno alitaka amzike Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi 5. Mashahidi wakapanda kizimbani mmoja mmoja kusimulia marehemu alisema nini kuhusu kaburi lake, na nchi nzima ikafuata gazetini. Mwishowe Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Sisemi karatasi ingemaliza ubishi wote, maana wosia kuhusu mahali pa kuzikwa hauifungi mahakama moja kwa moja. Ila angalau mjane angekuwa ameshika sahihi ya mumewe, asihangaike kuthibitisha maneno yaliyosemwa sebuleni.

Mbiyu Koinange naye alikuwa msomi wa Columbia University, New York, na waziri wa karibu sana wa Mzee Jomo Kenyatta. Alifariki 1981 bila wosia, akaacha mali ya mabilioni na zaidi ya nyumba moja. Kesi ya mirathi yake iliendelea kwa zaidi ya miaka 30. Fikiria hapo: mtoto aliyezaliwa siku kesi ilipoanza angemaliza shule, aoe, apate watoto wake, na faili bado iko mezani.

Hao hawakukosa elimu. Hawakukosa pesa ya wakili pia. Mtu msomi, mwenye pesa, anayejua sheria, akikosa kuandika, kuna kitu kingine kinachomzuia. Na sisi watoto tunakijua ni kitu gani, ila nyumbani hatukitaji. Kuna nyumba ya pili ambayo mama hajui, ama anajua na hataki ithibitishwe. Kuna binti ambaye mzee angependa kumpa shamba lakini anaogopa kaka zake watasema nini. Kuna kijana wa kwanza ambaye ameshauza kipande kimya kimya. Kuna deni. Mzee anaona heri anyamaze, amani iwepo akiwa hai.

Lakini hiyo amani anayelipa ni nani? Ukimya haugawi mali sawasawa. Unampa aliye karibu na droo yenye hati. Unampa ndugu mwenye sauti kubwa, na kijana anayeishi pale shambani. Wanaopoteza ni wale wale siku zote: mjane, mabinti walioolewa, watoto wadogo, mtoto wa nje.

Chukua kesi ya Rono dhidi ya Rono. Mzee alifariki 1988 huko upande wa Eldoret, akaacha ekari 192, wajane wawili, vijana watatu na mabinti sita. Hakukuwa na wosia. Mahakama Kuu ikawapa vijana ekari 30 kila mmoja, mabinti ekari 5 kila mmoja. Hesabu ya ajabu, kwa sababu sheria inasema "watoto" na haijaandika popote kwamba mvulana ni mtoto mara sita. Mabinti na mama yao walilazimika kupanda hadi Mahakama ya Rufaa, na ilikuwa 2005 walipopata haki ya kugawiwa sawa na kaka zao. Miaka 17 tangu baba azikwe. Angekuwa ameandika ukurasa mmoja, kila mtu angejua msimamo wake kuanzia siku ya kwanza.

Mimi siandiki haya kutoka hewani. Watu huniuliza kwenye laivu kwa nini niliacha chuo, na huwa ninapiga chenga. Leo nitajibu kwa sababu inahusika.

Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili. Hakuwa maskini, hakuwa mlevi. Alikuwa na akiba benki, ploti moja, nusu ya matatu aliyonunua na rafiki yake, na akiba ya SACCO ya miaka mingi. Benki ilipopata habari ya kifo ilifunga akaunti, na hapo haikukosea, ndivyo inavyotakiwa. Nusu ya matatu haikuwa na karatasi. Rafiki akasema baba alikuwa amemkopesha tu, na deni lilishalipwa. SACCO ikamlipa mtu aliyetajwa kwenye fomu. Fomu ilijazwa kabla baba hajaoa, na jina lilikuwa la mdogo wake. Huyo baba mdogo alituambia atatusaidia mambo yakitulia. Mpaka leo hayajatulia.

Mama alitumia mwaka 1 na miezi 2 kutafuta karatasi za mahakama. Barua ya chifu, cheti cha kifo, fomu, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za kungoja mwenye pingamizi, pingamizi likaja, tukaanza kujibu pingamizi. Karo haingoji hayo. Muhula mmoja tulikopa, uliofuata nikarudi nyumbani na simu yangu nikaanza kurekodi video. Dada yangu alikuwa kidato cha tatu, akakaa nyumbani muhula mzima. Na wakati huo wote pesa ya baba ilikuwa imelala benki, mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka kwetu.

Baba alitupenda, sina shaka hata kidogo. Lakini upendo wake haukuwa umeandikwa mahali ambapo karani wa benki angeweza kuusoma.

Sasa twende kwa visingizio.

"Sheria itagawa tu." Ndiyo, itagawa. Unajua inagawaje? Ukiacha mke mmoja na watoto, mke anapata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa. Mali iliyobaki anaitumia tu akiwa hai, na ardhi hawezi kuiuza bila ruhusa ya mahakama. Ukiwa na wake wawili, mali inagawiwa kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba, na kila mjane anaongezwa kama kichwa kimoja. Tuseme una ekari 10. Mke wa kwanza, aliyeuza mboga mkanunua hiyo ardhi pamoja, ana watoto wawili: nyumba yake ina vichwa vitatu. Wa pili ana watoto sita: vichwa saba. Hesabu inaanza hapo, ekari 3 kwa 7, na mama wa kwanza akitaka jasho lake litambuliwe itabidi alithibitishe kortini, uzeeni. Sheria haijui nani alikuuguza, nani ulishamlipia chuo, ni kipande kipi ulishapokea pesa yake kwa kupeana mkono tu. Wewe ndiye unajua.

"Ndugu zangu watawasimamia watoto." Ndugu zako wengine ni watu wazuri, wengine wataondoka na ng'ombe kabla maua hayajakauka kaburini. Kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa, kifungu cha 45 kinasema hivyo. Faini haizidi shilingi 10,000, ama jela isiyozidi mwaka 1, ama vyote viwili. Ng'ombe mmoja wa maziwa ana bei kuliko hiyo faini. Kwa hivyo usitegemee sheria iwatishe.

"Wakili ni ghali." Sheria haikulazimishi kuwa na wakili. Kama una kampuni, ama ardhi yenye utata, ama familia mbili, tafadhali mtafute. Lakini wosia wa kawaida ni hivi: uwe umefikisha miaka 18 na akili zako ni timamu, uandike, utie sahihi ama alama yako, na mashahidi wawili wakuone ukitia sahihi, kisha nao watie zao mbele yako. Basi. Shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, maana anaweza kupoteza alichoachiwa. Taja msimamizi wa mirathi unayemwamini. Na akina mama, hii ni yenu pia: mwanamke aliyeolewa anaandika wosia wa mali yake bila kumwomba mtu ruhusa.

"Wosia ndio huleta vita." Hiki nakiheshimu kidogo, kwa sababu kina ukweli ndani. Njenga Karume, mfanyabiashara na aliyekuwa waziri, alifariki Februari 2012 akiwa ameandika wosia na kuweka mali chini ya wadhamini. Bado watoto walienda mahakamani kupambana na wadhamini hao. Na ukiandika wosia wa kumfuta mke ama mtoto, mahakama inaweza kuingilia na kumpa fungu la kumtosha. Wosia pia haurukishi mtu mahakama: bado utathibitishwa kortini, na kwa kawaida mali haigawiwi kabla ya miezi 6 tangu msimamizi apewe kibali. Hakuna uchawi hapa. Ila kuna tofauti kati ya kubishana juu ya karatasi yenye sahihi ya baba na kubishana juu ya nani alimsikia baba akisema nini. Dawa ya vita ni kuandika kwa haki na kuwaambia watu ukiwa hai. Wakasirike ukiwepo, wakuulize, uwajibu. Hiyo ndiyo kazi ya mzazi.

"Mimi sina mali." Hapa nawageukia wenzangu wa miaka 20 na kitu, msijifiche nyuma ya wazee.

Una akiba ya SACCO? Nenda uangalie jina gani liko kwenye fomu ya mrithi. Hiyo pesa, na ile ya mafao ya uzeeni, kwa kawaida inamfuata aliyetajwa kwenye fomu, hata wosia wako ukisema vingine. Kuna wasee wanalala na mke nyumbani na jina kwenye fomu ni la yule waliyeachana naye 2019. Una bodaboda? Una kipande mlichonunua na rafiki kwa makubaliano ya WhatsApp? Una mtoto? Wosia ndio mahali unapotaja nani atamlea ikiwa nyote wawili hampo, na hiyo pekee inatosha kukutoa usingizini.

Na nyinyi mnaoishi pamoja bila cheti wala mahari, mnalipa nyumba pamoja na mmenunua friji na kochi pamoja, sikilizeni. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kuchukulia watu kuwa wameoana kwa sababu wanaishi pamoja kufanyike kwa nadra sana. Tafsiri yake mtaani: ukifa leo, familia yako inaweza kuja na pikapu ikabeba kila kitu, na mpenzi wako itabidi athibitishe kwa hakimu kwamba alikuwa mtu wako. Kumbuka pia ukifunga ndoa, wosia wa zamani unafutika, isipokuwa uliuandika ukimlenga huyo unayefunga naye. Andika upya.

Sisi wa mtandaoni pia tuna mali yetu. Chaneli inayoingiza pesa ni shamba. Google inakuruhusu kutaja watu, hadi 10, watakaopata data yako akaunti ikikaa bila kuguswa kwa miezi utakayochagua. Facebook nayo inakubali utaje mtu wa kuangalia ukurasa wako. Ni dakika 10 tu za kubofya.

Kama bado unafikiri haya ni mambo ya matajiri, jiulize kwa nini kuna UFAA. Hilo ni shirika zima la serikali, limetokana na sheria ya 2011, na kazi yake ni kutunza pesa ambazo wenyewe hawajaonekana: akaunti zilizolala, hisa, bima. Ni mabilioni ya shilingi. Si zote za marehemu, lakini nyingi ni za watu kama baba yangu, na huko nje kuna mtoto amefukuzwa shule kwa karo ambayo tayari iko Nairobi kwa jina la mzazi wake.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya mechi, chukua karatasi. Andika unachomiliki na mahali hati zake zilipo. Andika unaowadai na wanaokudai. Andika nani apate nini, nani asimamie, nani alee watoto. Tarehe, sahihi, mashahidi wawili. Nakala moja kwa mtu unayemwamini, na umwambie mke ama mume mahali ya kwako ilipo. Halafu nenda SACCO ukabadilishe lile jina.

Na wewe ambaye mzee wako bado yuko, usimuulize "utaniachia nini?" Hilo swali ni baya na atakuchapa, na atakuwa na haki. Muulize hivi: "Baba, ukiugua kesho, mama ataanzia wapi?" Kisha nyamaza, umpe muda. Kama hana jibu, mtumie hii. Akikasirika, mwambie ni mimi nimeandika.